Kimea Ulichotutumia, Mayu

Kambi ya mgodini, Geita

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo sitausemea. Mguu wako umepoa? Mvua zimeshaanza huko Ibadakuli? Najua dada Nkwimba ndiye anayekusomea. Nkwimba, soma polepole, wala usiruke mahali ili kumficha mama. Yote ni yake.

Kimea ulichotuma baada ya mazishi ya kaka Masanja kilifika na lori la pamba. Shemeji Kabula alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akasema, "Huu mtama wa nyumbani." Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mwamba umwangukie mumewe. Tukakubaliana apike pombe ya tambiko kama ulivyoagiza, marehemu anyweshwe, apumzike.

Ila hapa kambini kupika pombe bila kibali ni kosa. Shemeji alikiomba, akanyimwa. Karani alimwambia kilabu ipo, anayetaka kunywa aende kilabuni. Sasa mama, tangu lini mfu akaenda kilabuni? Basi akapika hivyo hivyo, mtungi mmoja, nyuma ya kibanda chetu.

Pombe iliiva siku ile ile kambi nzima inasherehekea. Serikali imeturuhusu Waafrika kunywa bia ya chupa, ile ambayo zamani ukikutwa nayo bila kibali unafungwa. Watu walicheza ngoma, wakainua chupa juu kama waliotoka kushinda vita. Nami nilipewa yangu. Nyepesi tu, haishibishi. Nilikuwa nayo mkononi askari walipopita nyuma ya vibanda.

"Mtungi wa nani huu?"

Watu wakasema hawajui. Kabula naye akasema hamjui mwenyewe. Angeishia hapo yangekwisha, maana pombe isiyo na mwenyewe humwagwa tu, hashikwi mtu. Askari mmoja, Msukuma mwenzetu, akauinamisha mtungi. Pombe ilipogusa udongo, Kabula akapiga magoti.

"Masanja, mwana wa Luhende, pokea. Mama yako amekuletea."

Unajua mwenyewe, mayu, anayetamka jina la marehemu ndiye mwenye pombe. Askari naye alijua. Akapunguza mkono, akawa anamimina kidogo kidogo mpaka shemeji alipomaliza maneno yake. Kisha akamtia pingu. Namchukia yule mtu, na kumchukia vizuri siwezi.

Kabula amefungwa bomani, hatatoka kabla ya mavuno. Jana nilimpelekea uji. Nikamuuliza, "Shemeji, kwa nini hukunyamaza?" Akasema, "Ningenyamaza ingemwagika bure." Mtoto wao Limi ninaye hapa, haachi kumuulizia mama yake. Lori likipatikana nitamleta kwako umtunze.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, mwambie asiuze yule dume wa Masanja. Nisalimie shangazi, na jirani yetu fundi wa majembe. Mama yake Kabula usimtumie salamu kwa mtu. Nenda mwenyewe, uketi naye kwanza, ndipo umweleze.

Na usipike pombe nyingine ya tambiko, mayu. Kabula ameniagiza nikuambie kwamba mwanao amekunywa.

Ni mimi, mwanao aliyebaki,
Shija