Visogo Vitano

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kufunga saluni, siku ya kilabu cha uchoraji. Tulikuwa saba kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Mwalimu ametangaza maonyesho: Jumapili ya tarehe 23, ukumbi wa mbele, na watu wa nje watakuja! Kila mmoja alete picha tano. Si tano za kuokoteza. Tano za mkono mmoja, mtu akiingia mlangoni ajue hizi zote ni za fulani.

Mfamasia anachora maua tu, basi yeye ameshamaliza. Dereva mstaafu ana malori yake. Mimi nina nini? Miaka sita nachora. Nina milima niliyoitoa kwenye kalenda, nina mitungi, nina farasi mmoja mwenye magoti ya mbwa. Kila picha kama imechorwa na mtu mwingine, na wote hao hawajui kuchora.

Mwalimu akaniuliza mbele ya watu: mtindo wako wenye nguvu ni upi? Nikasema bado natafuta. Akasema miaka sita ni mingi kutafuta kitu kilichomo mkononi mwako mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimezitandaza zote kitandani. Arobaini na moja. Mke wangu ametoka kuoga, amesimama na taulo, ameuliza akae wapi avae viatu. Nikamwomba aniambie ipi ina nguvu. Akaziangalia kwa utulivu. Yeye ni fundi cherehani, mshono uliopinda anauona kutoka ng'ambo ya barabara. Akasema: humu mote unaiga watu, wewe mwenyewe uko wapi? Kisha akaondoka kuwahi basi. Nilibaki na farasi wangu.

Tumaini langu lilikuwa sura. Tangu mwanzo nilitaka kuchora sura za watu! Wiki nzima nimehangaika na sura ya mfamasia, kwa kumbukumbu, na leo alipokuja kunyolewa nikamwonyesha. Aliitazama, akajishika shavu. "Mbona baka langu umelihamisha?" Kweli. Liko shavu la kushoto, mimi nimeliweka la kulia. Na nywele nimezichana upande siyo.

Kumbe namjua mfamasia kwenye kioo tu. Nasimama nyuma yake, naongea na uso uliomo kiooni, miaka yote hiyo. Uso wake wenyewe sijawahi kuutazama hata dakika moja. Mwenzangu wa kiti cha pili — tunamwita Mashine, kwa kuwa yake ya kunyolea haizimwi — alicheka mpaka akampunguza mteja ndevu zaidi ya alivyoomba. Alisema tumezoea kuambiwa kinyozi hajinyoi, sasa kumbe hata anayemnyoa hamjui!

Nilicheka nao. Ndani nimekufa moyo. Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya watu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike nimefurahi au vipi.

Nina kidaftari cha saluni. Mteja akisinzia kitini, huwa nachora shingo yake kwa penseli, dakika mbili tatu, kunyoosha mkono tu. Leo kimeanguka kutoka kwenye mfuko. Mwalimu akakiokota, akafungua. Akafungua ukurasa mwingine. Wenzangu wakasogea. Dereva mstaafu akaweka kidole kwenye kisogo kimoja, akasema huyu ana jambo linamsumbua. Nikashtuka — yule mtu alikuwa amefukuzwa kazi wiki ile! Mfamasia akasema huyu mwingine anajisikia. Naye ni kweli, anajisikia kupita kiasi.

Mwalimu akasema: "Ndiyo hii. Hapa hukuogopa."

Moyo ulinidunda njia nzima. Lakini nilipofika kwenye ngazi za nyumbani, furaha ikaniishia. Mtu anatafuta sura miaka sita, anaambiwa kipaji chake ni visogo! Ni sawa na kuambiwa unaimba vizuri ukinyamaza.

Mke wangu nimemsimulia. Amecheka kwa raha, amenikumbatia, akasema angalau visogo havilalamiki.

Alhamisi, 13 Machi

Vinne tayari, kwa rangi za mafuta. Mzee wa magazeti na mikunjo yake miwili juu ya kola. Bwana harusi aliyekaza shingo kama anasubiri kuchomwa sindano. Mtu aliyetoka hospitali, nywele zimelala upande mmoja kwa kulalia mto. Mwalimu wa shule mwenye vumbi la chaki nyuma ya sikio.

Mkono unakwenda wenyewe. Haijawahi kunitokea! Najua pa kuanzia, najua pa kuacha. Hofu yangu ni moja tu: wa tano simpati. Nimejaribu wateja watatu, wote wamekuwa shingo tupu.

Jumapili, 16 Machi

Nimempata wa tano. Mke wangu.

Alikuwa kwenye cherehani dirishani, ameinama, kanga begani, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Nilisimama mlangoni na ubao wangu. Saa mbili nzima. Kile kifundo cha mfupa mahali shingo inapoanzia, vile vinywele vidogo visivyokubali kubanwa. Sijawahi kuchora kitu kama hiki. Sidhani kama nitachora kingine.

Mara moja aligeuka kuniuliza kitu. Nikamwambia usigeuke, kaa hivyohivyo. Akakaa. Sijui alikuwa anauliza nini.

Jumapili, 23 Machi

Nianzie wapi.

Watu walijaa. Picha zangu zilipangwa ukuta wa mwisho, mke wangu katikati. Watu walizipita za maua, wakayapita malori, wakafika kwangu wakasimama. Wanasimama! Mwalimu aliwaleta wageni wake mwenyewe. Mama mmoja wa makamo alisema anahisi akimwita yule wa dirishani atageuka. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, nasema asante, asante, kama mtu aliyezoea.

Mke wangu alikuja saa tisa na gauni lake la bluu, alilolishona makusudi kwa siku hii. Aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Akazitazama na zile nne. Akairudia yake. Hapo ndipo bibi mmoja aliyekuwa pembeni, mcheshi tu, hamjui yeyote, akacheka akasema: "Haya, akupaye kisogo si mwenzio!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikamgeukia mke wangu ili tucheke pamoja, na yeye hakuwa anacheka.

Njiani alitangulia mbele yangu. Mimi nyuma nikajikuta naangalia gauni linavyojikunja chini ya shingo kila akipiga hatua, na napanga rangi kichwani. Nilijichukia.

Nyumbani alikaa bila kuvua viatu. Akaniambia taratibu, bila kelele, na afadhali angepiga kelele. Yule mzee wa magazeti hakulipi wewe umtazame uso, sawa. Bwana harusi, sawa. Wale ni wateja. Mimi umeniweka katikati yao. Kwako mimi ni mteja wa ngapi?

Nikasema ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Akasema: "Najua ni nzuri. Ndiyo maana naumia. Ungekuwa hujui kuchora ningesema umekosea."



Jumatatu, 24 Machi

Kilabu. Pongezi. Mwalimu anasema kuna ukumbi mwingine, mkubwa, wanataka kumi zaidi kama hizi. Anasema ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wote wamekubali. Hata mimi nimekubali.

Jumanne, 25 Machi

Amekwenda kwa mdogo wake. Anasema apumzike kidogo. Begi dogo. Cherehani ameiacha, nikajipa moyo kwa sababu ya cherehani.

Aliponiaga mlangoni nilitazama mpini wa begi.

Alhamisi, 27 Machi

Nyumba ya watu wawili ikibaki na mmoja, hata bomba la maji linasikika. Nimekula mkate wa juzi nikiwa nimesimama.

Nimefanya uamuzi. Nitachora uso wake. Kwa kumbukumbu, bila picha ya simu, bila kuiga. Miaka kumi na tisa ya ndoa! Nikishindwa hilo, basi.

Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi. Nywele, sawa. Masikio, sawa, masikio nayajua. Macho — nikakwama. Yako karibu au mbali? Kope za chini ni nzito? Nimechora macho ya mtu yeyote. Nimeyafuta. Nimechora tena, yakawa ya yule dada wa kwenye bango la sabuni. Nimeyafuta.

Sauti yake naijua. Hatua zake kwenye ngazi nazijua. Naweza kukuambia kwa kukohoa kwake kama amekasirika. Ila nikifumba macho nimwone, anageuka.

Ijumaa, 28 Machi

Aibu ya leo sitaisahau.

Kitu kimoja nilikuwa na hakika nacho: kovu dogo kwenye nyusi. Nilisema nikianza na kovu, uso wote utanijia. Lakini nyusi ipi, ya kushoto au ya kulia? Nimekaa nalo hilo kuanzia asubuhi. Nikanyoa watu sita nikiwa nalo. Mchana nikatoka nje ya saluni, nikampigia shemeji — mdogo wake mke wangu, huyo anayekaa naye sasa. Nikamwuliza kwa upole, eti nina jambo dogo tu.



Akasema: "Shemeji, kovu la nyusi ni la kwangu. Nilianguka na baiskeli. La dada liko kidevuni."

Nikasema aa, kweli, kidevuni.

Akasema aliumia mwaka ule mliooana, na wewe ndiye uliyempeleka kushonwa.

Nilirudi ndani. Mashine akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizima mashine yake. Hakutania. Alichukua mteja wangu akammalizia.

Mimi nilimshika mkono siku ile wakati anashonwa. Nakumbuka mkono, jinsi ulivyobana. Nakumbuka viatu vya daktari. Uso wangu nilikuwa nimeugeuzia wapi?

Jumamosi, 29 Machi

Wateja wengi. Kila kisogo kinachokaa kitini nakijua kabla sijakigusa. Nimechoka kuvijua.

Nilikuwa nataka mtindo wangu. Nimeupata. Watu wanatafuta maisha yao yote hawapati, mimi nimepata, na ningekuwa na pa kuurudisha ningeurudisha. Mwalimu alisema hapa hukuogopa. Amekosea. Woga wote umo humo, ndio uliochora.

Ule ubao wa uso nimeugeuza uelekee ukutani.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja. Yuko hapa! Naandika haraka.

Saa nne nilisikia ngazi, nikajua ni yeye kabla hajabisha. Amekuja kuchukua cherehani. Ana sare za shule za kushona, hawezi kungoja. Gari la kuibeba linakuja saa tano. Mdogo wake amemwambia kuhusu simu, bila shaka, maana kabla hata ya salamu alisema: "Nasikia unanitafuta kidevu." Hakutabasamu, lakini hakukunja uso. Au alikunja. Siwezi kusema, nilikuwa natazama sakafu.

Aliuona ubao ukutani. Akaugeuza. Nywele, masikio, na katikati palipofutwa mpaka mbao ikachubuka. Aliushika kwa muda. Akauweka juu ya kiti, akachukua kiti kingine, akakiweka mbele ya dirisha, akakaa. Ananielekea mimi. Akasema nina saa moja, gari halijafika. Chora.

Nimechukua brashi. Mkono ukaanza kazi, nami nikafurahi kwamba unaanza, sikuuuliza unaelekea wapi. Nimepaka ukingo wa nywele upya. Nimepaka mabega. Nimepaka shingo, kivuli chini ya taya, kola ya blauzi, kifungo kimoja kimoja. Nimepaka dirisha nyuma yake, mpaka komeo lake! Dakika arobaini. Yeye ametulia kabisa. Mara mbili nimeinua macho nikakuta ananitazama, mara mbili nimeyarudisha kwenye kola.

Simu yake imelia. Ni wenye gari, wamepotea njia. Ametoka kwenye ngazi kuwaelekeza. Ndipo nilipoona nilichofanya. Kila kitu kimekamilika, kizuri, kina nguvu, na katikati ya picha pamebaki patupu, pa umbo la uso wake.

Nimekimbilia shajara hii. Ninaandika badala ya kuchora. Nasikia anawaambia wapinde kushoto penye duka la vipuri. Nasikia anasema ndiyo, ghorofa ya pili, cherehani tu. Kisha anasema subirini hapo chini kwanza, msipande bado.

Amerudi. Amepita karibu yangu, ameutazama ubao. Amekaa palepale. Sijainua kichwa, nimeendelea kuandika, naona viatu vyake tu.

Anasema niweke kalamu chini nimtazame.