Soli Mpya za Sleji ya Les

Jumatatu, 19 Januari 2009

Basi limechelewa tena Sparkhill. Nimefika karakanani Hockley wenzangu washaanza, vifuniko vya matangi vinanisubiri kwenye meza ya kufungashia. Miaka tisa nafungasha. Mikono inajua yenyewe.

Saa nne kaingia mzee wa Shard End, jina lake Les, anaburuta sleji. Ni hori refu la faibaglasi, halina magurudumu. Kila mwaka majira haya huenda Finland kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda. Hutoboa barafu akakaa juu ya tundu. Raha yake siijui. Sleji hubeba vyombo vyake vyote, naye huivuta kwa kamba. Chini imelika, nyuzi zimetoka nje.

Derek, mwenye karakana, akaigeuza, akaigonga, akatoa chaki mfukoni. Chaki ile haishiki mtu mwingine. Yeye ndiye anayeandika kipi kinatengenezwa na kipi kinatupwa. Akaandika: ya kutupwa.  Les akasema sleji mpya zote fupi, hazimfai.

Nikasema mimi naiweza. Derek akanitazama kama vile meza ndiyo iliyosema. Haya, akasema, mpaka Jumamosi, Les anasafiri Jumapili. Ikifaa, ile meza ya matengenezo iliyo wazi tangu Krismasi ni yangu. Isipofaa, nisiitaje tena. Wote wamesikia.

Jumanne, 20 Januari

Kiraka peke yake hakitoshi. Nacho kitalika. Inatakiwa mikanda migumu chini, ilike yenyewe, sleji isiguse barafu. Mikanda ya nini? Nimewaza kutwa.

Jioni nikapita Stratford Road kwa Karim, muuza nyama, Muhindi wa Kisumu. Anapasua mifupa ya mbuzi juu ya ubao mweupe wa plastiki. Ubao huo unapigwa panga tangu nianze kununua kwake, na bado upo. Nikasahau nyama niliyoifuata.

“Mama Salma, unanunua ama unaangalia ubao?”

Nikamwomba mbao za zamani. Anazo mbili nyuma ya duka, ndefu. “Chukua tu. Lakini usiniambie ni za kukatia samaki.” Nikamwambia samaki wamo.

Jumatano, 21 Januari

Nimezisugua mbao kwa maji ya moto mara tatu. Nimekata mikanda minne, imenyooka. Kwanza nikajaribu kwenye kipande cha tangi bovu: mkanda mmoja, skrubu saba, nikakaza mpaka mkono ukauma. Nikakipeleka kwa Karim kikalale kwenye friza.

“Mama, hii friza ya mbuzi, si garage.” Lakini akasogeza mapaja, nafasi ikapatikana.

Salma, binti yangu, Kiswahili anaelewa chote, hujibu kwa Kiingereza. “Mum, you smell of mbuzi.” Sikujali. Najiona fundi.

Alhamisi, 22 Januari

Kipande kimepasuka. Mkanda u mzima, faibaglasi ndiyo imechanika kwenye matundu ya mwanzo na ya mwisho. Ingekuwa sleji ya Les ningeiua kabisa. Nimeona haya hata kwa mbuzi.

Kosa langu. Plastiki ikipata baridi hunywea, nami nimeibana kila mahali, haina pa kwenda. Mtu wa Pemba mimi, baridi ya namna ile sikuifikiria.

Nimekaa chooni karakanani nikalia kidogo. Ndipo nikaukumbuka mlango wetu Wete. Baba, seremala, aliuachia upenyo ili masika uvimbe upendavyo. Hakunifundisha kazi. Alinifokea nisikae njiani. Lakini niliona.

Basi skrubu ya katikati ibane. Nyingine zote tundu refu, kama tundu la kifungo, mkanda uweze kusogea. Kipande kipya kimeshaingia friza. Safari hii Karim alisogeza mapaja kabla sijaomba.

Ijumaa, 23 Januari

Kizima! Nimekipindua mara tatu pale dukani mbele ya wateja.

Kazi kutwa. Nimepiga tabaka mbili za faibaglasi chini, nikapaka rangi nyeusi. Ilipokauka nikafunga mikanda, miwili kila upande. Vichwa vya skrubu nimevizamisha ndani ili visikwangue barafu. Derek kapita mara nne. Sikumwita. Kazi yangu nzuri na ninajua ni nzuri.

Jumamosi, 24 Januari

Les amefurahi mpaka masikio mekundu. Derek kapanda juu ya sleji, karuka. Haikulia hata kidogo.

Kisha akasema meza tutaona ikirudi nzima kutoka Finland. Hayo hayakuwa maneno ya Jumatatu. Nimekasirika mpaka nikavunja kifuniko. Nimerudi kufungasha.

Jumatatu, 2 Februari

Theluji. Mabasi hayaonekani, nimekwenda kazini kwa miguu. Njia nzima nasikiliza inavyolia chini ya viatu. Naiwaza ile skrubu ya katikati.

Jumatatu, 2 Machi

Les karudi. Sleji tumeiweka mezani, tumbo juu. Mikanda ina michirizi myembamba. Rangi niliyoipaka bado inang'aa. Ameivuta kila siku, anasema, kwenda na kurudi. Derek kapitisha kidole gumba toka mbele mpaka nyuma.

Les kaja na sleji nyingine, ya rafiki yake. Nayo imelika. Derek akatia mkono mfukoni, akatoa chaki. Akaishika kidogo. Kisha akaiweka kiganjani mwangu, akaenda kupokea simu.

Nimeigeuza sleji. Nimeipapasa. Nimeandika: inatengenezeka.

Jioni Salma kauliza kwa nini vidole vyangu vyeupe. Nikamwambia ni chaki.