Bawabu na Dadu ya Waridi

Jumapili, 2 Machi

Leo nimekalia kiti cha Kaka. Mgongo wangu umekataa katakata! Kiti kimeshajikunja kwa umbo lake. Miaka yote hii yeye ndiye Msimulizi wetu, sisi wengine wachezaji tu. Yeye anasema, mbele yenu kuna mlango, nyuma ya mlango kuna kitu kinapumua. Sisi tunasema wahusika wetu watafanya nini. Dadu inaamua kama tumefaulu. Basi, ndiyo mchezo wote. Ukimweleza mtu asiyeucheza anakutazama kwa huruma.

Tangu kiharusi kimpige Kaka mwezi wa kumi na moja, meza hapa kwangu imekaa bure. Mkono wa kulia unarudi polepole. Maneno ndiyo yamegoma. Daktari anasema yamo yote kichwani, njia ya kutokea ndiyo mbovu. Kaka huyu! Wakala wa bima ambaye angeweza kumuuzia samaki bima ya moto!

Tumejaribu bila yeye. Mimi, Mwalimu na Breki. Mwalimu anafundisha hesabu na suruali yake ina mkunjo hata Jumapili — kanisahihisha kila nikifungua mdomo. Breki ni fundi magari, alikuja zamani kutengeneza gari la Kaka, akauliza mnaongea na nani humo ndani, hajaondoka mpaka leo. Yeye kasinzia. Mchezo umedoda.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kanipigia simu kazini, maabara ya meno ya bandia. Mikono imejaa plasta — nilikuwa nachukua umbo la taya la mzee mmoja anayetaka meno ya kutafunia mifupa, si ya kuchekea. Wifi mwenyewe, ambaye tangu aolewe na Kaka anauita mchezo wetu "mazimwi yenu," na hajawahi kukaa mezani hata kwa bahati mbaya!

Anasema tumchukue Kaka. Mtaalamu wa maongezi anampa picha za kikombe na paka azitaje, naye anaona aibu, anageukia ukutani. Siku nzima kimya. "Wifi, mimi nimezoea kumwambia anyamaze," kasema, "sasa nifanyeje?" Akalia kidogo. Na mimi. Plasta ikanigandia kidoleni.

Nimeamua. Atarudi kama mchezaji, maana Msimulizi lazima amwage maneno. Atamcheza Bawabu. Bawabu ni mlinzi wa lango la mji wetu wa kubuni, mzee mbishi, hapitishi mtu bila kumsema. Kaka alimbuni tukiwa watoto, kwenye stoo ya Mama, tukicheza na fotokopi za kitabu cha mchezo alizotoka nazo shuleni. Nusu ya kurasa hazikuwemo, sheria tulizozikosa tukazitunga wenyewe. Mama akidhani tunadurusu! Mitihani, ndoa, misiba, vyote vimepita, Bawabu yupo langoni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo. Sijui niliite upendo au upumbavu.

Breki ndiye aliyeanza. Kwamba Kaka akirudi halafu dadu ikamfelisha, atakata tamaa, hatumwoni tena. Mwalimu kakubali! Mwalimu, mwenye kukesha akihesabu uwezekano! Na sisi siku zote tunarusha dadu hadharani, ikisema imesema.

Basi leo nimebaki maabara wenzangu walipotoka. Nimetengeneza dadu ya pande ishirini kwa plastiki ya fizi, ile ya waridi. Chini ya uso wa ishirini, namba ya ushindi, nimeacha tundu la hewa, ili upande huo uwe mwepesi, ukae juu. Nimeipiga msasa, nimeing'arisha kama meno ya bibi harusi. Kuijaribu: ishirini. Ishirini. Ishirini! Fundi ni fundi jamani.

Jumapili, 16 Machi

Balaa.

Kaka kaja na shati limenyooshwa, kanyoa. Wifi kamkalisha, mwenyewe akaenda kujificha sebuleni nyuma ya gazeti. Tukaanza. Na sisi tulivyo na kiherehere! Akianza neno tunalidaka.

"Nata—"

"Unataka upanga!" Breki.

"La…"

"Lango! Anafunga lango!" Mimi, naona haya hata kuandika.

Kaka anatikisa kichwa, sisi tunaendelea tu. Nikampa dadu ya waridi, nikasema nimemtengenezea zawadi. Karusha. Ishirini! Bawabu kamwangusha zimwi. Tena, ishirini! Bawabu kamnyamazisha mfalme. Mara ya tatu tulishangilia kama uwanja wa mpira. Mara ya nne ni sisi tu tuliokuwa tunashangilia.

Kaka kaipima dadu kiganjani. Muda mrefu.

"Chu…"

"Chui!" Breki. "Anaita chui wake!"

Kaka kanyanyuka mwenyewe, anaburuta mguu, kaenda jikoni. Karudi na glasi ya maji na kopo la chumvi. Kamimina chumvi, kakoroga, kaongeza, kakoroga. Kadumbukiza dadu. Ikaelea, ishirini juu. Kaigeuza kwa kidole. Ikajipindua yenyewe, ishirini juu. Kaigeuza tena. Mwalimu akawa anatazama viatu vyake.

"Mna… mnani…"

"Tunakupenda, mzee wangu," Breki, sauti ndogo.

"Mnanizika," Kaka kasema. Neno zima, safi, halina mkwaruzo. La kwanza tangu augue, na ni hilo.

Wakaondoka. Wifi hakunitazama.

Jumatatu, 17 Machi

Kazini nimepanga meno ya yule mzee, magego mbele. Bosi kauliza kama namtengenezea ng'ombe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa Kaka kuomba radhi. Niliandaa hotuba, ikanitoka yote mlangoni. Nimesema tu, nisamehe, nilikuonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kijinga. Kisha nikakalia mikono yangu na kufunga mdomo. Kwangu mimi hiyo ni adhabu kubwa!

Kaka katafuta maneno. Chai ilikuja, ikapoa. Mara mbili nililiona neno linakotaka kwenda, nikajiuma ulimi.

"Niache…" kasema. Akafuta jasho. "Niache… ni… nishindwe."

Ndiyo, Kaka. Ndiyo.

Wifi kanisindikiza mpaka nje. Kasema dadu ya waridi anabaki nayo, inazuia vizuri dirisha la bafu.

Jumapili, 30 Machi

Naandika hapa hapa mezani, nyuma ya kadibodi ya Msimulizi, ile ya kuficha karatasi zake. Wanadhani nafanya hesabu za vita. Siwezi kungoja mchezo uishe.

Mji umeshika moto. Bawabu kabaki peke yake kulishikilia lango watu watoke. Nikamwambia Kaka arushe. Dadu ya kweli, ile nyeusi. Kaichukua kwa mkono wa kulia — wa kulia! — ikamponyoka zaidi ya kurushwa, ikazunguka, ikagonga kopo la biskuti, ikasimama.

Moja. Hakuna mbaya kuliko moja.

Mwalimu kavua miwani. Breki kanikonyeza: sema kitu, okoa jahazi. Ningeweza. Msimulizi anaweza kusema mvua imenyesha. Lakini Kaka alikuwa ananitazama mimi, si dadu.

"Lango limekuangukia," nikasema. "Bawabu anakufa."

"We!" Wifi huko sebuleni. Kumbe anasikiliza!

Sasa, kuna sheria yetu moja ambayo haikuwa kwenye kurasa zozote, tuliitunga stoo. Anayekufa anakisimulia kifo chake mwenyewe, mpaka mwisho, na hakuna ruhusa ya kumkatiza. Hata Msimulizi hana. Nilikuwa nimeisahau, hajafa mtu mezani kwetu siku nyingi. Kaka hakuisahau. Katabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kajiweka sawa kitini.

"Ba… Bawabu…"

Breki kafungua mdomo. Mwalimu kamkanyaga mguu, nimesikia kiatu.

"…ana… anavua… kofia…"

Friji inanguruma. Tunangoja.

"…anaupa… moto… umshikie."

Moto umshikie kofia! Nani kati yetu angemmalizia hilo? Breki kajifunika uso, mabega yanacheza. Mwalimu anacheka na kufuta macho kwa tai. Kaka anaona tunacheka na hajali, ana mwendo wake. Jua lilikuwa mezani alipoanza, sasa limehamia ukutani.

Wifi katoka sebuleni. Kasimama. Sasa kavuta kiti, kakaa! Mezani! Ameshika kikombe cha mtu mwingine na hajui.

"Kisha…" Kaka anasema. "Ana… anamwita… m…"

M nani? Bawabu hana ndugu tunayemjua. Mfalme? Mwizi? Mke? Ninayo yote kwenye ncha ya ulimi, nayameza moja moja. Shingo ya Kaka imetuna mishipa. Wifi kainama mbele, midomo yake imejikunja kulisema, hajalisema.

"M…"

Kainua kidole: tungoje.