Mama Anaswali

Buyenzi, Bujumbura, Agosti 2001

Mama,

Nimerudi Jumanne kutoka Ubelgiji, nimekukuta umezikwa tangu kabla ya Ramadhani. Watu hapa wamemaliza kulia. Mimi ndiyo kwanza naanza, nao wanaona haya kunitazama.

Miezi yote hiyo, kila nilipopiga simu dukani kwa jirani, Mama mdogo Zaituni ndiye aliyekuja kupokea. "Mama yako anaswali," alisema. Nikipiga alfajiri, unaswali. Nikipiga saa nne asubuhi, unaswali. Niliwaambia wenzangu wa maabara kwamba mama yangu amewapita masheikh wote kwa ibada. Tukacheka. Kutwa nilikuwa nakokotoa mto unapungua kiasi gani kiangazi, na mtambo mdogo wa umeme ufanyeje usizime. Sikukokotoa kwamba saa nne hakuna adhana.

Nilijua nilipoingia ndani. Cherehani yako ya umeme ilikuwa imefunikwa shuka, juu yake masufuria. Mkobani nilikuwa na sindano zake, zile ulizoniagiza kwa sababu hapa zilikuwa hazipatikani. Mama mdogo akaniketisha, ndipo akasema. Ilikuwa homa tu. Lakini risasi zilikuwa zinalia upande wa hospitali, hapakuwa na pa kupita, na zilipotulia hukuweza tena kusimama. Akasema wewe mwenyewe ndiye uliyeagiza: "Musimwambie mutoto. Akijua atarudi, na akirudi apana kwenda tena."

Ulinijua vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningerudi. Nisingekuwahi, najua, lakini ningelia pamoja na watu, ningewapikia chai waliokuja matangani, ningekuwa mwanao. Badala yake nilikuwa nasifiwa kwa michoro yangu.

Unakumbuka redio? Umeme ukikatika hukuizima, ili ukirudi ituite. Ilikuwa ikianza kupiga kelele ghafla, nawe unaacha chakula, unakimbilia cherehani, mkono bado una ugali. "We soma haraka, watakata tena." Nilisomea umeme kwa ajili ya mbio zako zile. Sikusomea nije kukaa mbele ya cherehani isiyo na mtu.

Wiki ijayo natakiwa kurudi Ubelgiji. Nilitaka kuichana tiketi. Jana nikaondoa masufuria, nikatia sindano mpya, nikangoja. Redio ilipolia nilishona pindo la kanga yako, likaenda upogo, ungelifumua. Umeme ukakatika kabla sijafika mwisho. Hapo nikajua nitakwenda.

Nitamaliza utafiti, Mama. Nitaumaliza kwa hasira, kwa kuwa uliulipia kwa kilio changu bila kuniuliza. Nimemwambia Mama mdogo kwamba akifa mtu tena, mimi niambiwe. Amenijibu, "Tulikuonea huruma." Labda.

Kanga nimeichukua, na pindo lake nusu.

Kwaheri, Mama. Kama sasa unaswali kweli, nikumbuke.