Sahani ya Mungu

Kingsbury, Jumanne

Kila siku Mungu anatangulia kula, sisi tunasubiri! Mama mkwe huweka sahani ya kwanza mbele ya picha ya Mungu, hata hapa London.

Walipotufukuza sisi Wahindi kutoka Uganda, wanajeshi walimchukua mume wangu. Mfungwa mwenzake aliyetoroka kambini mwao aliniambia Ramesh alikufa kwa njaa, huku akisali.

Juzi nilimaliza kitabu cha Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi. Imani ilimtoka mle mle. Nilidhani nitamlaumu. Wapi!

Leo nimeichukua ile sahani, nikaanza kula.

“Hicho ni chakula cha Mungu!” mama mkwe akafoka.

“Mwanao alimwomba chakula, Mama. Alimpa?”

Akachukua mwiko, akaniongezea wali.