Bima ya Vyombo na Mjomba Kimeu

Maringo, Nairobi
Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Mutiso. Natumaini mguu wako umetulia tangu mvua ipungue, na kwamba yule mbuzi mwekundu amezaa salama. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo, jambo ambalo utalichukia nikishakueleza yaliyotokea.

Najua anayekusomea ni Nduku. Dada yangu, nakufahamu. Ukifika penye jambo baya huwa unakohoa na kuruka mistari mitatu. Leo usiruke. Soma yote, hata mama akikwambia unyamaze.

Mama, umeniuliza mara mbili kwa nini mjomba Kimeu hatumi salamu. Nilikujibu kwamba kazi ya kulinda usiku inamchosha. Ulikuwa uwongo. Ndugu yako yuko rumande yapata miezi miwili sasa, ameshtakiwa kuiba vyombo vya bendi yetu, na aliyemweka humo ni mimi. Hakuiba hata waya mmoja wa gitaa. Wewe mwenyewe ni shahidi wake, ila hujajua. Subiri, nitafika huko.

Mambo yalianza na ajenti wa bima. Alitukuta kwenye baa tunakopiga muziki, akatuambia kwamba bendi moja ya Eastleigh imevunjiwa ikabaki kuimba kwa makofi. Vyombo vyetu vilikuwa vinakaa stoo nyuma ya baa: magitaa matatu, ampulifaya mbili, spika, maikrofoni na drams. Mjomba ndiye aliyevilinda, analala mlangoni juu ya gunia, rungu huku na tochi huku. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, nawe ulinibariki kwa ajili yake. Musyoki, mpiga besi na kiongozi wetu, ni mtu anayeogopa hasara kuliko anavyomwogopa Mungu. Alikubali bima papo hapo.

Karani wa bendi nilikuwa mimi, kwa sababu ya huu mwandiko uliokuwa ukiwaonyesha majirani. Nikajaza fomu. Niliandika kila chombo kizima, rangi yake na namba yake. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, na hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

Hapa mjini kila biashara hutundika leseni ukutani, la sivyo askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, anakufungia. Baa ina yake, kinyozi ana yake, hata mwenye bucha. Basi cheti cha bima kilipofika na ile orodha yake, tukakitia kwenye fremu ya kioo, tukakitundika mlangoni mwa stoo, upande wa nje. Tulitaka mwizi akija aone kwamba mali hii ina kampuni nyuma yake, aogope. Tulijiona wajanja sana. Kumbe tulikuwa tumewabandikia wezi hesabu ya vitu vyote vilivyomo ndani, tena kwa mwandiko mzuri.

Hatukuishia hapo. Jioni moja Musyoki akasema, "Sasa huyu mzee ni wa nini? Tumelipa bima ilinde vyombo, halafu tulipe mtu alinde bima?" Tulicheka, hata mimi. Nikatumwa kumwambia mjomba kwamba kazi imekwisha.

Alisimama mbele ya kile cheti, akakitazama kama mtu anayetazama mganga asiyemwamini. Akaniuliza, "Mutiso, hii karatasi huamka mbwa wakibweka?"

Nilikasirika, Mama. Wenzangu walikuwa wanasikia. Nilimwambia asinitie aibu na ushamba wake. Nilimwambia hivyo mtu aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali nilipougua surua. Alikunja blanketi lake, na Ijumaa akapanda basi kuja huko nyumbani Mwala.

Sasa kumbuka vizuri. Jumamosi alishinda kwako akiezeka ghala. Usiku alilala kwa mkewe. Jumapili mlikwenda kanisani, mchungaji akamwita afunge ibada, akaomba sala ndefu mpaka watoto wakasinzia. Si mimi niliyeyabuni haya. Uliniandikia mwenyewe kwa mkono wa Nduku.

Usiku wa Jumamosi hiyo hiyo, sisi tukiwa tumeshapiga muziki na kufunga stoo, wezi walikata kufuli. Asubuhi tulikuta mlango wazi. Walichukua kila kilichokuwa kwenye orodha, kimoja baada ya kingine. Ampulifaya moja mbovu iliyoungua, ambayo sikuiandika kwa kuionea haya, waliiacha katikati ya sakafu. Fremu pia waliiacha, ikiwa imefutwa vumbi kwenye kioo ili isomeke.

Jumatatu akaja bwana wa kampuni, amevaa tai, mpole kama daktari mwenye habari mbaya. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlinzi wa usiku alikuwa wapi?" Tukatazamana. Akaugeuza ukurasa wa nyuma akatusomea yale mayai ya chawa: mahali pasipo na mlinzi usiku, hakuna fidia. Musyoki alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Alikuwako, bwana. Ameenda nyumbani mara moja kwa ajili ya mshtuko." Sikuvuta hata pumzi.

Siku hiyo hiyo nilimpa dereva wa basi ujumbe: mjomba arudi upesi, kazi yake imerudi. Nduku ameshanieleza mlivyofurahi, na alivyopaka viatu rangi. Jumanne akafika na muthokoi wa mahindi na maharagwe uliomfungia, na barua yako mfukoni, ile inayosema habari za ghala na sala ndefu. Tuliula ule muthokoi wanamuziki wote watano, huku tunamfundisha la kusema.

"Mzee, wewe sema tu ulikuwa kazini, usingizi ukakushika," Musyoki alimwambia, mdomo umejaa. "Watakugombeza kidogo, basi, imeisha."

Mjomba hakumtazama. Alinitazama mimi. "Na wewe, Mutiso, unasemaje?"

Nikamwambia, "Mjomba, ukikataa mimi nimekwisha. Mimi ndiye nilisema ulikuwepo."

Kisha akasema, "Basi nililala. Mzee kulala si ajabu."

Sajini wa polisi hakukubali hata robo ya maneno hayo. Kufuli nene ikatwe, spika za kubebwa na watu wawili zitolewe, na mlinzi aliyelala mlangoni asisikie? "We mzee," alimuuliza, "ulilala ama ulikufa?" Akanigeukia mimi kwa huruma kabisa. "Hawa ndio hufungulia wenzao. Kikulacho ki nguoni mwako, kijana yangu." Nami nikatikisa kichwa kukubali, mjomba akiwa amesimama hapo kando yangu, kofia mkononi.

Nilipewa karatasi niandike taarifa yangu. Niliandika kwamba ulinzi wote ulikuwa mikononi mwake. Kisha nikaandika kwamba hata mimi namshuku. Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza. Niliongeza ili habari ionekane kweli. Mama, mimi ndivyo nilivyo, na ni heri ulisikie kutoka kwangu. Walimpiga siku mbili wakitaka majina ya wenzake. Hakuwa na jina la kuwapa ila langu, na hakulitaja. Meno yake mawili ya mbele hayapo tena.

Baada ya wiki tatu kampuni ikajibu. Ilisema bima haifidii wizi uliofanywa au kusaidiwa na mwajiriwa wetu. Ulikuwa ukurasa ule ule wa nyuma, mstari unaofuata. Mlinzi asipokuwepo, hatupati kitu. Mlinzi akiwa mwizi, hatupati kitu. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Bendi ikafa siku hiyo. Musyoki sasa anauza mitumba Eastleigh, na akiniona huvuka barabara. Mimi ni kibarua wa kiwanda kimoja upande wa Mukuru, nabeba magunia.

Usidhani sikujaribu. Siku iliyofuata nilikwenda kituoni nikamwambia sajini kwamba mjomba hakuwa Nairobi siku ile, kwamba mimi ndiye niliyesema uwongo.

"Kwa hivyo ulidanganya serikali?"

"Ndiyo, afande."

Akasukuma karatasi mbele yangu. "Haya, andika. Ukimaliza, toa mshipi na viatu uingie ndani. Mzee wako atatoka."

Niliandika jina langu. Niliandika kijiji changu na jina la chifu wetu. Halafu mkono ukakataa. Nikaikunja ile karatasi, nikasema nitarudi kesho. Sajini akacheka, akasema, "Nilijua." Wiki nne zimepita tangu siku hiyo, na kila asubuhi napita njia ya mbali kwenda kazini ili nisikione kituo.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea mjomba mkate rumande. Amekonda mpaka shati lake linaonekana la kuazima. Nilimwambia aseme kweli mwenyewe, aseme alikuwa Mwala. Akanijibu, "Nikisema hivyo watauliza ni nani aliyesema nilikuwa hapa. Dada yangu ana mtoto mmoja tu wa kiume." Kisha akaniuliza kama mvua ya juzi ilipenya lile paa la ghala, maana hakumaliza upande wa nyuma. Nilitamani anitukane. Nilitamani anitemee mate. Nilimchukia, Mama, kwa kuwa mwema mbele yangu namna ile, na bado namchukia, na nikilala namwona.

Kesi itasikizwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Ukija ukasimama mbele ya hakimu useme ndugu yako alikuwa kwako, na mchungaji akija kukuunga mkono, mjomba atatoka siku hiyo hiyo, nami nitaingia. Usipokuja, atafungwa miaka ambayo mzee wa umri wake haimalizi, nami nitabaki nje. Ndani ya bahasha hii nimekurudishia barua yako ya ghala na sala. Mara mbili niliiwashia kiberiti nikakizima. Chukua kabla sijawasha mara ya tatu.

Najua ni ukatili kukuwekea mwanao na ndugu yako kwenye mizani uchague. Ningekuwa mwanamume ningechagua mwenyewe. Watu husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini wewe hukunichelea. Ulinichapa kila nilipodanganya. Haikusaidia kitu, na si kosa lako.

Msalimie shangazi, umwambie kikapu cha chondo alichonifumia bado ninacho. Msalimie babu, umpigie kelele sikioni ili asikie kwamba nimemtaja. Mchungaji msalimie pia, ingawa ukimsomea haya hatanipokea salamu. Mke wa mjomba simwandikii neno. Mwanamke yule ananiombea kila siku, Nduku alinieleza, na mimi sina mdomo wa kumwambia aache. Mwambieni ninyi, au msimwambie.

Basi la asubuhi hufika hapa kabla korti haijafungua. Ukija, utanikuta nimesimama mlangoni, na sitakimbia. Nadhani sitakimbia. Usipokuja, nitajua umenichagua mimi, na mwezi ujao nitakutumia sukari na sabuni kama kawaida.

Mwanao,
Mutiso