Jina Lake Bado

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa saba 1954

Mashati mawili ya shule yamekwisha, la tatu limebaki kola. Shule ya misheni inataka yote kabla ya mwezi wa tisa. Nashona tu vipande nilivyokata zamani. Kipya sikati. Wateja wakiuliza nasema mkasi umekuwa butu. Uongo. Nimeuviringisha kwenye kitambaa, uko juu ya kabati.

Mtoto wetu wa kike ana wiki saba. Mdomo wa juu umepasuka upande wa kushoto, mpaka karibu na pua. Akinyonya hewa inapita pale, fyu, fyu, na maziwa yanamwagika shingoni. Mama mkwe, aliyetoka Kabambare kuja kumwogesha, alisema mara moja tu, na ilitosha: "Mukasi yako njo ilimukata mutoto. Mwavita iko na mimba, weye unakata tu, unakata tu." Mwavita, mke wangu, alilia. Mimi nilitoka nje. Nadhani mama mkwe amesema kweli. Hilo ndilo linaloniua.

Jumatano, tarehe 7

Hospitali. Mwavita ndiye aliyeamua. Mimi nilibeba mwavuli, watu wasione uso wa mtoto.

Enfirmye Pius, muuguzi anayeandika wagonjwa, aliuliza jina. Nikasema bado. Akaandika. Kweli hana. Siku ya saba ilipita bila mbuzi, bila kunyolewa nywele, bila jina, kwa sababu sikutaka watu waje kumtazama. Nilimwonea aibu mtoto wangu mwenyewe. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Dokta Mzungu alipitisha kidole kinywani mwa mtoto. Kaakaa ni zima, na hiyo ni habari njema. Atamshona. Lakini kwanza afike kilo tano, na leo ana tatu na robo tatu. Mwisho wa mwezi wa nane dokta anakwenda likizo Ulaya, miezi sita. Basi tuna wiki saba.

Pius alimwonyesha Mwavita namna ya kunyonyesha: mtoto awe wima, kidole cha mama kizibe pengo. Maziwa ya ziada kwa kijiko.

Jumatatu, tarehe 12

Mizani. Dokta akaangalia karatasi, akaita: "Bado!" Nikamjibu, ndiyo dokta, tunajua, bado. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Wamama kwenye benchi wakaanza kucheka. Nikachungulia karatasi. Pale pa jina: BADO. Pius ni mjinga. Au ni mimi. Kilo tatu na gramu mia tisa. Kwa hiyo Bado, bado.

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Sikuwa nimecheka tangu mwezi wa tano.

Jumatatu, tarehe 26

Kilo nne na gramu mia mbili! Mama mkwe ameteka kijiko, hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Anamnywesha huku anamtukana kwa Kibangubangu, matusi ya mapenzi.

Ijumaa, tarehe 30

Homa. Anatapika. Kijiko kiko palepale mezani.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa nane

Homa imeshuka. Uzito ni uleule wa wiki iliyopita. Naogopa kuhesabu siku, na nazihesabu.

Pale tunapochukulia dawa nilimwambia Pius habari ya mkasi. Sijui kwa nini. Labda uchovu. Hakunicheka. Alisema uso wa mtoto tumboni unatengenezwa kwa vipande, vinatoka pande mbili, vinakutana katikati. Yote hayo mapema sana, hata mama hajajua vizuri kama ana mimba. Safari nyingine vipande viwili havikutani. Kwa nini? Dokta mwenyewe hajui. "Fundi, hakuna mutu alikata. Ni kushona njo haikuisha."

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali muda mrefu. Si mkato. Ni mshono ambao haukufika mwisho. Mimi fundi, miaka kumi na minne, na sikuona tofauti.

Jumatatu, tarehe 9

Nne na mia sita. Anakula kama anafidia.

Jumatatu, tarehe 16

TANO. Dokta akasema neno moja la Kiswahili, tayari, na wamama wa benchi wakapiga vigelegele. Mmoja akasema sasa tumwite Tayari. Nilimkatalia, lakini nilikuwa nacheka.

Pius ana ombi: mtoto asiguse mshono baada ya kushonwa. Anataka mikono ya shati isiyokunjika kwenye kiwiko. Nimeshusha mkasi toka juu ya kabati. Mama mkwe aliketi mbele yangu, akanishikia kitambaa. Nimekata. Nimeshona mikono miwili midogo, ndani yake vijiti vyembamba vya mwanzi. Kazi nzuri kuliko yoyote niliyofanya mwaka huu.

Alhamisi, tarehe 19

Leo. Kabla ya kumwingiza niliona alama za wino wa buluu mdomoni mwake. Dokta anapima kabla ya kukata. Hapo nilipata amani kidogo. Halafu harufu ya dawa ya usingizi, na mlango. Mwavita alishika shati langu mpaka kifungo kikatoka.

Ametoka. Yuko hai, amevimba, amekasirika, mikono imenyooka. Ule mstari wa mdomo umekutana sawasawa, upande na upande. Mishono midogo mno. Namwonea wivu dokta. Nilisujudu palepale sakafuni, wagonjwa wakanizunguka.

Jumatano, tarehe 25

Pius ametoa nyuzi. Kovu jekundu. Tumerudi kupitia sokoni, mwavuli umefungwa. Nilipita njia ndefu makusudi.

Jumapili, tarehe 29

Mbuzi, nywele, jina. Nyumba ilijaa mpaka uani, na Pius wa misheni alikula kushinda Waislamu wote. Jina alichagua Mwavita: la mama yake. Mama mkwe alifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti. Karibu nami nilie.

Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa tisa

Mashati yote yamekwenda shule. Mama mkwe amerudi Kabambare, kijiko ametuachia.

Ila jina. Kwetu mtu hatamki jina la mama mkwe wake, na mimi hata hapa siliandiki. Mwavita alijua hilo alipochagua. Anacheka tu.

Sasa hivi mtoto ananyonya nyuma yangu. Nimesimamisha cherehani nisikilize. Hakuna fyu. Kimya. Nimeita taratibu, Bado, akaachia ziwa, akageuka.